Skrini nyeusi haiokoi chaji ya kila simu
Tangu 2019, Android 10 na iOS 13 zilipoleta mandhari nyeusi, vijana kibao wamezima weupe wakidhani chaji itadumu. Kumbe inategemea kioo. Kwenye OLED, kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, hivyo pakiwa peusi nukta imezimwa. Kwenye LCD, iliyo katika simu nyingi za bei nafuu, taa ya nyuma huwaka tu hata skrini iwe nyeusi tititi.

Hata kwa OLED, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walipata 2021 kwamba mwangaza ukiwa asilimia 30 hadi 50, unaokoa wastani wa asilimia 3 hadi 9 pekee.

Kwa hivyo muuzaji akikusifia giza, muulize kwanza: kioo ni cha aina gani? Kisha punguza mwangaza.