Mcheza Gofu, Nyonga Zako Zimelala

Msomaji, ukipita Klabu ya Gofu ya Nyeri asubuhi ya Jumamosi mwezi wa Julai, wakati baridi ya Aberdare inauma vidole, utaona jambo la kushangaza. Mtu ametoka Nairobi, ameketi kwenye usukani zaidi ya saa mbili. Akishuka tu, anachomoa fimbo iliyo ndefu kuliko zote na kuupiga mpira kwa nguvu zake zote. Jumatatu yumo katika duka la dawa akiulizia tembe za mgongo. Ndivyo ilivyo Nanyuki pia.

Wengi husingizia uzee, au fimbo (na fimbo mpya hununuliwa kwa maelfu ya shilingi!). Mimi nasema tatizo ni nyonga zilizolala.

Lugha ya dansini imetupotosha. Tumezoea kuambiwa tuzungushe kiuno, ilhali kiuno hakikuumbiwa kazi hiyo. Pingili tano za chini za uti wa mgongo, zote pamoja, hujipinda nyuzi 10 hivi tu kila upande. Nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe chake, huzunguka mara tatu ya hapo au zaidi. Kwa anayetumia mkono wa kulia, fimbo ikishafika juu, nyonga ya kushoto ndiyo hutangulia kugeuka. Kifua hufuata, kisha mikono, na fimbo huja mwisho. Nyonga hiyo ikikataa, kiuno hubebeshwa mzigo usio wake, pigo baada ya pigo hadi shimo la mwisho.

Mabingwa nao hawakusazwa. Tiger Woods alipasuliwa mgongo mara kadhaa, na mwaka 2017 pingili zake mbili zikaunganishwa. Alishinda Masters tena mwaka 2019, lakini wewe huna madaktari wake.

Watazame makedi wanapojaribu mpigo jioni. Wametembea kutwa na mikoba begani, nyonga zimepata moto, na mpira unaruka bila wao kukunja uso.

Basi tembea dakika 10 kabla ya kucheza. Shikilia fimbo, ubembeze mguu mmoja mbele na nyuma, kisha wa pili. Unapoinua fimbo, acha kisigino cha kushoto kiinuke kidogo. Baadhi ya walimu watakukemea, waache. Na maumivu yakiteremka mguuni pamoja na ganzi, au ukishindwa kuzuia mkojo, weka tembe kando uende hospitali siku hiyo hiyo.