Macho ya Watoto na Dawa za Jikoni

Swali la mwezi huu tuliulizwa tukiwa tumekaa juu ya magunia tunachambua vitunguu: je, ni kweli kwamba machozi ya kitunguu husafisha macho na kuyaongezea nguvu? Hapa Ruaha Mbuyuni swali hilo si la ajabu. Vitunguu ndivyo vinavyowasomesha watoto wetu, na kila anayevikata hutokwa machozi. Mwenzetu aliyeuliza alisema kwamba mama mkwe wake hukamua maji ya kitunguu na kumdondoshea mjukuu kila anapoamka na macho mekundu.

Jibu letu ni kwamba si kweli. Kitunguu kinapokatwa hutoa hewa kali inayochoma jicho, nalo jicho hutoa machozi ili kuifukuza hewa hiyo. Mtoto anayedondoshewa maji hayo anaumizwa tu.

Hatusemi hivi kwa kumcheka mama mkwe wa mtu, kwani sisi wenyewe tulifanya vibaya zaidi. Binti yetu alikuwa na umri wa miaka mitatu, kipindi cha kiangazi, upepo unavuma na magari makubwa ya kwenda Zambia yanatimua vumbi barabarani. Kitu kikamwingia jichoni, pengine ganda la kitunguu, pengine mchanga. Asubuhi jicho lilikuwa jekundu. Siku ya kwanza tulimtia chai ya rangi iliyopoa. Siku ya pili jirani mwenye nia njema alituletea majani, tukayafikicha na kumkamulia. Mtoto alilia usiku kucha, nasi tukaambiana kwamba dawa inafanya kazi. Siku ya nne tuliona kidoa cheupe katikati ya jicho, ndipo baba yake alipokopa nauli tukapanda Kitonga kwenda hospitali.

Daktari alituuliza, "Mlimtia nini?" Tukajibu kwamba hatukumtia kitu. Tuliona aibu. Aliuliza tena kwa upole, na mara ya tatu tukasema. Jicho halikutobolewa na kidonda, tunamshukuru Mungu, lakini kovu limebaki. Leo binti huyo ni mtu mzima, anashona nguo, na akitaka kutunga uzi kwenye sindano hugeuza kichwa upande ili atumie jicho zima.

Hatuko peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu wagonjwa wenye vidonda vya jicho hapa Tanzania ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kila wanne alikuwa ametia dawa ya kienyeji. Sababu yake si ngumu kuielewa. Sehemu ya mbele ya jicho ni kama kioo, nacho hakina kinga zaidi ya ngozi nyembamba sana. Ikikwaruzwa, utomvu wa majani huiunguza, na maji yasiyochemshwa huingiza vijidudu ndani ya mkwaruzo. Mkojo, ambao baadhi yetu bado tunautumia kwa siri, unaweza kubeba kisonono, na kisonono cha jicho huweza kulitoboa kwa siku chache tu. Mnakumbuka Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea nchini. Wizara ya Afya iliwaonya watu wasijitibu kiholela, hata hivyo kila nyumba ilikuwa na mganga wake. Ugonjwa ule ulitokana na virusi, na kwa wengi huisha wenyewe baada ya siku kadhaa. Aliyetia chai alisifu chai, aliyetia chumvi alisifu chumvi.

Dada mmoja kanisani alituambia kwamba hata Bwana Yesu alitumia tope. Ni kweli, lakini kipofu yule aliagizwa aende akanawe!

Na kunawa ndiko tunakotaka kukusemea kwa kirefu, maana hiyo ndiyo dawa ya asili ambayo imepimwa karibu na kwetu. Wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma, ambako maji ni ya shida na vikope vilikuwa vingi, watafiti walifanya kazi katika vijiji sita. Vijiji vyote vilipewa dawa ya kupaka machoni. Katika vitatu kati yake, wanakijiji walihamasishwa pia kuwaosha watoto nyuso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: watoto ambao nyuso zao ziliendelea kuwa safi walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata vikope vikali.

Vikope huambukizwa kwa vidole, kwa nguo na kwa nzi wanaofuata matongotongo. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, kovu hujengeka ndani ya kope ya juu. Baada ya miaka mingi kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho kila anapopepesa. Wanaofikia hali hiyo wengi ni wanawake, kwa sababu sisi ndio tunaobeba watoto na kuwafuta. Hebu tujiulize: ile ncha ya kanga tuliyomfutia mdogo, je, hatukumfutia na mkubwa, kisha tukajifutia jasho? Kila mtoto awe na kitambaa chake, kifuliwe na kuanikwa juani. Ndoo nzima haihitajiki. Maji ya kikombe yakimiminwa kidogo kidogo huosha nyuso za watoto kadhaa, na kibuyu chirizi kilichotundikwa karibu na choo hutumia maji machache sana. Kama maji ya nyumbani yanapangwa na baba, zungumza naye mapema, asije akadhani unayachezea.

Maji ni huduma ya kwanza pia kwa wenzetu wa mashambani. Dawa ya kupulizia vitunguu ikimrukia mtu jichoni, usitafute maziwa wala mafuta. Mwoshe kwa maji safi mengi, jicho likiwa wazi, kwa muda usiopungua robo saa, kisha aende hospitali.

Kuhusu chakula, mbuyu umelipa jina kijiji chetu na ubuyu ni mzuri, lakini sifa yake ni vitamini C. Macho yanataka vitamini A. Hiyo ipo kwenye mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, maembe mabivu, papai, viazi lishe vya rangi ya chungwa, maini, mayai na dagaa wanaoliwa wazima. Mboga za majani zitiwe mafuta kidogo, kwani bila mafuta mwili hauipokei vizuri vitamini hiyo. Mtoto anayejikwaa jua linapotua, au anayepapasa sahani wakati wenzake wanaiona, usimwite mzembe, huenda amepungukiwa. Mpeleke zahanati. Usikose matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka kuanzia miezi 6 hadi kabla ya miaka 5, wala chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18. Surua humaliza vitamini A mwilini, na imepofusha watoto wengi.

Lakini tusidanganyane. Karoti haitamwondolea mtu miwani. Ukipita miaka 40, kioo cha ndani ya jicho hupoteza unyumbufu, ukaanza kusogeza Biblia mbali na kumwita mtoto akuchagulie mawe kwenye mchele. Huo si ugonjwa, na miwani ya kusomea haiharibu macho. Mtoto wa jicho naye hayeyushwi na asali wala dawa ya matone. Huondolewa kwa upasuaji. Mwenzetu aliyeuliza swali la kitunguu alimpeleka mama mkwe kupimwa, akapewa miwani, na sasa bibi huyo anatuonyesha uchafu tulioupita kwenye mchele.

Jicho likiuma sana, likiogopa mwanga, likiwa na kidoa cheupe au likiona ukungu, mpeleke mgonjwa siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa kichanga kinachotoa usaha machoni. Usinunue matone dukani kwa kukisia, maana mengine yana dawa inayozidisha kidonda na kuongeza presha ya jicho. Na daktari akikuuliza ulitia nini, mwambie mara ya kwanza.