Ndoto Hazilipi Kodi ya Kibanda

Kila tarehe 1 Januari naona posti zilezile. "Mwaka huu lazima niomoke." "Nafungua duka la pili." Sawa, lakini la kwanza lilikupa faida ngapi mwaka jana? Kimya.

Wasee, hilo si lengo, ni maombi. Na hao wahubiri wa motisha wanajua vizuri hii ni Njaanuari: pesa ya wateja wako iliisha Krismasi, na iliyobaki inaenda karo.

Chukua viatu vya Gikomba. Umenunua 600, umeuza 1,000, unasema umetengeneza 400. Toa nauli 100, boda ya kumpelekea mteja 150, bando 50. Umebaki na 100, na kodi ya kibanda bado. Halafu hiyo 1,000 inaingia kwa laini yako ya kawaida, Fuliza inakata yake kwanza, inayobaki unanunulia chipsi. Utajuaje kama biashara inakulisha ama wewe ndiye unaila?

Malengo ninayotaka uandike ni madogo, hayafai hata kuposti. Tenga pesa ya biashara na ya mfuko. Jilipe mshahara, hata 200 kwa siku, na zingine usiguse. Andika deni la kila rafiki wa "nitakutumia jioni." Na kabla ya yote, pakua stetimenti ya M-Pesa ya mwaka mzima, uisome hadi mwisho.

Itauma. Lakini afadhali hesabu ikuumize Januari kuliko ufunge kibanda Juni ukisema umerogwa.