Kusali na Kuwa na Roho Safi, ni Kitu Kimoja?

 

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya maneno yanayosikika sana nyumbani siku hizi. Kijana anarudi kutoka kwenye mashimo ya dhahabu, au kutoka masomo Kindu au Bukavu, anamwambia mama yake: "Mimi sina haja ya misa wala msikiti. Mungu yuko rohoni mwangu, inatosha." Mama anashika kichwa, anaona mtoto amepotea. Upande mwingine kuna mama anayeuliza: "Jirani yangu hakosi ibada hata moja, lakini ulimi wake unavunja nyumba za watu. Kusali kunamsaidia nini?" Maswali haya mawili yana mzizi mmoja. Yote yanauliza kama dini na maisha ya kiroho ni kitu kimoja, au ni vitu viwili vinavyoweza kuachana.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno dini limetufikia kutoka Kiarabu, na huko linatoka mzizi mmoja na neno deni. Dini ni jambo ambalo mtu anawiwa: saa za sala, mfungo, sadaka, ubatizo, mavazi, namna ya kuoa na namna ya kuzika. Ina viongozi, ina nyumba, ina kitabu. Roho nayo, kwetu, ni pumzi na ni moyo. Aliyekufa tunasema amekata roho. Aliyehuzunika anasema roho inamuuma. Mtu mkarimu tunasema ana roho safi, na mwenye wivu ana roho mbaya. Kwa hiyo tukisema maisha ya kiroho, tunasema juu ya hali ya ndani: mtu akiwa peke yake, bila padri, bila shehe, bila pasta kumtazama, yeye ni nani mbele ya Mungu na mbele ya mwenzake?

Tusiidharau dini kwa haraka. Sisi wa kusini mwa Maniema tunajua ilivyotujenga. Uislamu uliingia huku pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka Unguja na Ujiji, na miaka ya 1870 Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip, mpaka majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mwaka 1893. Misafara ile ilileta sala, maandishi na lugha hii tunayoiandika. Ilileta pia utumwa, na hilo hatulifichi. Baadaye wakaja wamisionari na shule zao, na mwaka 1959 Kasongo ikawa jimbo kamili la Kanisa Katoliki. Wakati wa ukoloni shule karibu zote zilikuwa za misioni, na wazazi wengi Waislamu waliogopa kupeleka watoto wao kwa kuwa waliona watabatizwa. Hata leo shule nyingi za watoto wetu zinasimamiwa na dini, kwa mapatano ambayo serikali ilifanya na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu mwaka 1977, na Waislamu wakaingia baadaye.

Basi dini imetupa shule na vituo vya afya. Imetupa pia watu. Mama akifiwa saa nane za usiku, hamwiti mtu anayesema "Mungu yuko rohoni mwangu" halafu anarudi kulala. Anawaita wenzake wa shirika au wa msikiti. Hao ndio wanaoleta maji, kuni, sanda na ugali wa wageni. Kijana anayesema hahitaji dini, tumuulize kwa upole: siku utakapougua, nani atakuja?

Hata hivyo dini ikibaki vazi tu, inaweza kumuumiza mtu. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tunataka kutaja mambo mawili yanayowagusa wamama na watoto moja kwa moja.

La kwanza ni sadaka inayochukuliwa kwa hofu. Sadaka ni kitu chema, dini zote zinaifundisha. Lakini mama akiambiwa kwamba asipotoa hela ya mawese aliyouza, mume wake atakufa au tumbo lake halitashika mimba, hiyo si sadaka tena. Hela ile ilikuwa ya kalamu na daftari, au ya dawa ya malaria ya mtoto wa mwisho. Mungu hauzi uzima kwa franka.

La pili ni zito zaidi: mtoto anayeitwa mchawi katika chumba cha maombi. Mara nyingi ni yatima, au mtoto wa mke wa kwanza, au anayekojoa kitandani, au anayeanguka kifafa. Baba amekosa kazi, kaka amekufa kwenye shimo, na mtu fulani anatafuta wa kubeba lawama. Mtoto anafungwa, ananyimwa chakula siku kadhaa, anapigwa ili "akubali". Wamama, kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na kuna vidonge vya kumeza kila siku ambavyo vinapunguza sana kuanguka. Kutetemeka kwa mtoto mwenye homa kali mara nyingi ni malaria, na kila saa inayopotea kwenye maombi bila matibabu ni hatari. Peleka mtoto kituo cha afya kwanza, na umwombee njiani.

Tujue pia sheria. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mtoto, inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Kifungu cha 160 kinatoa adhabu ya kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3, pamoja na faini ya franka za Kongo 200.000 hadi 1.000.000. Sheria hiyo haimtofautishi pasta na mganga, wala mjomba na baba wa kambo. Tukisikia mtoto anashitakiwa, tusiende mmoja mmoja. Twende kundi la wamama watatu au wanne, tumwombe mtoto alale kwa mmoja wetu usiku huo, kisha asubuhi tumwone muuguzi, chifu wa mtaa na watu wa mambo ya jamii.

Jambo la kutia moyo ni kwamba dini zenyewe ndizo zinazokemea dini tupu. Ndani ya Kurani, sura ya Al-Maun inamlaumu mtu anayemsukuma yatima, na watu wanaosali ili waonekane huku wakinyima jirani msaada mdogo. Ndani ya Biblia, barua ya Yakobo inafundisha kwamba dini safi ni kuwatunza yatima na wajane katika shida zao. Angalieni: vitabu viwili, na vyote viwili vinampima mwenye kusali kwa yatima. Anayemfukuza yatima kwa jina la Mungu, kitabu chake mwenyewe kinamshitaki.

Sasa tugeuke upande wa pili. Je, roho bila dini ni salama? Vijana wetu wanadhani kwamba matatizo yote yanatoka kwa viongozi wa dini, na kwamba mtu akibaki na nguvu zake za kiroho atakuwa huru. Sisi huku tumeshuhudia jinsi nguvu za kiroho zisizo na wa kuziuliza zinavyoweza kuua. Mwaka 1905, kule Tanganyika, Kinjikitile Ngwale alitoa maji aliyosema yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu waliamini, na vita vya Maji Maji vilimaliza maelfu kwa maelfu. Mwaka 1964, Wasimba walipopita Maniema na kuuteka Kindu, walipakwa dawa na kupiga kelele "Mai Mulele", wakiamini risasi haitawaingia. Watoto wengi wa wamama hawakurudi. Na mpaka leo, katika misitu yetu, kijana anachanjwa, anafungiwa hirizi, anapewa miiko, anaambiwa hatakufa. Anayempa dawa hajibu kwa mtu yeyote. Kijana akifa, inasemwa alivunja mwiko.

Simu nayo imeleta manabii wa mbali. Mtoto anaweka vifaa masikioni usiku kucha, anamsikiliza mtu asiyemjua nyumba wala tabia, anayemwambia kwamba mama yake ndiye anayemfungia bahati ya dhahabu. Pasta wa hapa tunamjua. Akikosea, wazee wa kanisa wanaweza kumwita. Imamu wa hapa, waumini wanaweza kumuuliza. Yule wa kwenye simu, nani atamuuliza?

Kwa hiyo hatuwezi kusema dini ni mbaya na roho ni nzuri, wala kinyume chake. Tutazame watu ambao ndani na nje vilikutana.

Masista wengi wanamkumbuka Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939. Mwaka huohuo wa 1964, katika vita hivyohivyo, alikamatwa na kupelekwa Isiro. Kanali wa Wasimba alimtaka kwa nguvu, akakataa, akauawa tarehe 1 Desemba huku akimsamehe aliyemuua. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Anuarite alikuwa mtu wa dini: alivaa kanzu ya kisista, alifuata kengele ya sala. Lakini usiku ule wa Isiro kanzu isingetosha. Kilichosimama ni kile alichokuwa amekijenga ndani siku kwa siku.

Waislamu wanamkumbuka Rabia wa Basra, mwanamke aliyeishi zaidi ya miaka 1.200 iliyopita, maskini, ambaye inasimuliwa aliwahi kuwa mtumwa. Alifundisha kwamba Mungu aabudiwe kwa kupendwa, si kwa kuogopa moto wala kwa kutamani pepo. Hakuacha sala. Alizidisha.

Na kabla ya msikiti na kanisa, jirani zetu Walega wa Pangi na Shabunda walikuwa na Bwami. Huko mtu alipanda daraja kwa kufundishwa methali, nyimbo na sanamu ndogo za mti na pembe, zikimwonyesha tabia njema na tabia mbaya. Mwanaume hakuweza kufika daraja ya juu, ya kindi, bila mke wake kuingizwa naye. Utawala wa Kibelgiji uliipiga marufuku, lakini fundisho lake linaeleweka hata leo: huwezi kuwa mkubwa mbele ya watu wakati nyumbani mke wako yuko chini.

Sasa tufanye nini nyumbani? Tunapendekeza maswali matatu. Mtu akikuletea fundisho, maombi, dawa au unabii, awe wa dini yako au la, jiulize. Swali la kwanza: nani analipa, na hela hiyo imetoka kwenye sahani ya nani? Swali la pili: nani anafukuzwa au kupigwa ili jambo hili litimie? Swali la tatu: ninaruhusiwa kuuliza, au nikiuliza naambiwa nina shetani? Kama anayelipa ni mtoto, kama anayefukuzwa ni mnyonge, na kama kuuliza ni dhambi, ondoka, hata kama nyimbo ni tamu.

Kwa kijana anayesema Mungu yuko rohoni mwake, tusimpige wala tusimlaani. Tumwambie: "Vizuri, mwanangu. Basi huyo Mungu aliye rohoni mwako leo amemsaidia nani?" Tumtume ampelekee bibi wa jirani maji. Tumwombe aje kwenye mazishi. Akiona dini yetu inafanya kazi kwa mikono, anaweza kurudi mwenyewe. Akiona tunasali asubuhi na kumtukana mke wa kaka yetu mchana, tumempa sababu ya kutorudi.

Na kwa familia zetu ambazo baba ni Mwislamu na mama ni Mkatoliki, au dada amefuata kanisa la uamsho, tusigombanie watoto kama shamba. Kila mmoja afundishe kwa maisha yake. Idi tule pamoja, Noeli tule pamoja, na msiba uwe wa wote.

Juma hili tunawaomba kila kikundi, kabla ya kuhesabu hela ya likelemba, kitenge dakika chache. Tajeni kwa sauti ya chini mtoto mmoja au mjane mmoja wa mtaa wenu ambaye watu wameanza kumkwepa. Halafu wawili kati yenu waende kumsalimia, mmoja wa msikiti na mmoja wa kanisa ikiwezekana. Msiende kuhubiri. Kaeni naye, mpige ubwabwa, mumsikilize, muone kama watoto wamekula.

Mungu awalinde pamoja na nyumba zenu. Tukutane juma lijalo.