Ziwa Lililo Chini ya Genge

Juma lililopita, baada ya darsa la wanawake, mama mmoja alitungoja mlangoni na simu mkononi. Mwanawe anaishi Marekani, katika jimbo la Washington, naye alikuwa amempelekea picha ya matembezi yake katika kisiwa cha Whidbey. Pichani mna genge refu la mchanga. Chini yake ziwa jembamba lililotulia, kisha tuta la kokoto lenye magogo meupe, ndipo bahari. Wenyeji huliita Perego's Lagoon. Pamoja na picha yalikuja malalamiko: kijana amenunua nyumba juu ya genge jingine la pwani ileile, ataka kujenga ukuta wa mawe chini yake, na majirani wanampinga. Mama aliona ni husuda tu. "Sheikh, mtu huzuiwa kuilinda nyumba yake?"

Tulimwomba aitazame picha tena, maana jawabu lilikuwamo.

Magenge ya huko si jiwe la matumbawe kama haya yetu. Yalitokana na barafu kuu, yenye unene wa kiasi cha kilomita nzima, iliyoifunika nchi ile na kuondoka zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Ilisaga majabali ikaacha matabaka ya mchanga, udongo na changarawe. Genge la namna hiyo hulowa mvua kutoka juu na huchimbwa na mawimbi miguuni, likawa laporomoka kipande baada ya kipande.

Udongo laini huchukuliwa na maji ukapotelea mbali. Mchanga na kokoto hubakia ufuoni na kuanza safari. Upepo huyaleta mawimbi kwa mshazari. Wimbi hupanda upandeupande likiisukuma kokoto, kisha maji huteremka moja kwa moja. Kokoto imekwisha kusogea hatua moja, na mawimbi hayalali. Aghalabu, pale pwani inapopinda kuingia ndani, mzigo ule haulifuati pindo. Huendelea mbele ukajenga ulimi wa mchanga, na ulimi ukirefuka huweza kugusa nchi kavu ng'ambo ya pili. Maji yaliyofungiwa nyuma yake ndiyo ziwa. Dhoruba huliinua tuta, na maji ya chumvi hupenya kati ya kokoto au hulivuka, yakachanganyika na ya mvua.

Basi genge likizungushiwa ukuta, mchanga haushuki tena, ilhali mawimbi yaendelea kuuchukua ule wa zamani. Ufuo hukonda, na anayepungukiwa kwanza huenda akawa jirani aliye mbele ya mkondo, ambaye hakuweka hata jiwe moja. Tuta la ziwa nalo hukosa chakula chake. Kuna samaki wadogo, mfano wa dagaa, watagao mayai katika mchanga wa juu wa fuo zile, na watoto wa samoni huwategemea. Takriban robo ya pwani ya Puget Sound imekwisha kuwekewa kuta za namna hiyo, na miaka ya karibuni baadhi ya wenye nyumba wamekubali kuzibomoa.

Hatusemi kijana aiache nyumba ianguke. Zipo njia nyingine: kuyaelekeza maji ya mvua mbali na ukingo, kuacha miti na vichaka vishike udongo, na penye nafasi kuisogeza nyumba nyuma. Sisi huku mchanga wetu hutoka zaidi kwenye miamba ya matumbawe na mito kama Sabaki. Lakini wenye viwanja vya ufuoni wajua jinsi wimbi lililogonga ukuta linavyorudi na mchanga.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza kutoka ukingo hadi msingi wa nyumba ni hatua ngapi. Hatukuwa na jawabu. Akampigia mwanawe palepale, akasahau kwamba kule ni usiku wa manane.