Tazama Mnara Kwanza

Wiki hii nimeshinda na picha za zamani za Unguja, zile zilizopigwa kutoka baharini kuelekea Forodhani. Ukitaka kujua umri wa picha, tazama mnara kwanza. Ikiwa Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, haina saa usoni, na mnara mwingine umesimama peke yake mbele ya majumba, basi ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896. Siku hiyo manowari za Waingereza zilimpiga kwa mizinga Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, na saa moja haikutimia vita vikaisha. Mnara ule ukabomoka, na jumba la jirani, Beit al-Hukm, likaangamia. Mnara wa saa tuliouzoea kwenye kadi za posta ulipachikwa usoni mwa Beit al-Ajaib baadaye. Sayyid Barghash, sultani aliyelijenga jumba hilo mwaka 1883, hakuuona.

*

Katika picha za mwanzo kabisa barabara ni tupu. Watu walikuwepo, ila kamera ilihitaji muda mrefu wa mwanga, na aliyepita akitembea aliacha ukungu tu au hakuacha kitu. Waliobaki ni waliokaa barazani. Ajabu ya picha hizi: mvivu kaingia katika historia, mchukuzi kakosa.

*

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina vyumba virefu na vyembamba. Sababu ni boriti za mikoko. Mkoko hauzai mti wa urefu wowote utakao, kwa hiyo upana wa chumba ni kiasi cha mita 3, na ukuta wa matumbawe na chokaa hubeba kilichobaki. Sasa rudi kwenye Beit al-Ajaib: nguzo nyembamba za chuma zimepanda kutoka chini hadi juu, zikishika roshani pana pande zote. Chuma kile kililetwa kwa meli. Ukiweka picha ya jumba kando ya picha ya nyumba ya jirani, utaelewa mji ulishangaa nini hata kabla ya kusikia habari za taa zake za umeme.

*

Wapiga picha wengi wa mjini walikuwa Wagoa, A. C. Gomes ndiye anayetajwa zaidi. Waliwauzia abiria wa meli, na abiria alitaka kasri, ngome na mlango wa kuchonga. Ng'ambo, upande wa pili wa mji, wa makuti na udongo, walikokaa wengi, ilipigwa mara chache, na mara nyingi kwa mbali. Naona hilo ni pengo kubwa kuliko picha zote zilizopotea.

*

Linaloniudhi ni kuona picha hizi zimegeuzwa pambo la ukuta wa hoteli, ilhali zina kazi ya kufanya. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Fundi anayerudisha roshani iliyoanguka anahitaji kuhesabu nguzo na kuona umbo la paa. Picha safi humsaidia kuliko sifa zetu zote.

Kwa hiyo, msomaji, fungua lile sanduku la bibi. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli, taratibu, jina la nyumba na mtaa maadamu yupo wa kukutajia, kisha wapelekee Nyaraka za Taifa pale Kilimani wakaitengenezee nakala.