Mnazi Hauna Dhambi

Mwislamu wa Kisauni kuandika kuhusu wakulima wa divai ni jambo la kuchekesha, na najua barazani nitaulizwa. Ngojeni kwanza. Divai yao ni haramu kwetu na hilo halina mjadala. Nilichokitazama mimi ni shamba, si chupa.

Huko Cape, Afrika Kusini, shamba la Vergenoegd hufungulia mabata waingie kwenye mizabibu wale konokono, kwa hivyo haja ya sumu inapungua. New Zealand huingiza kondoo kati ya mistari wakati wa baridi, wakala majani na kuacha mbolea. Maganda ya zabibu zilizokamuliwa nayo hurudi udongoni. Afrika Kusini ina mpango wa kukagua mashamba haya tangu 1998, na tangu 2010 chupa za waliofaulu hubandikwa muhuri. Si kwamba watu hao wana huruma kutushinda. Mnunuzi wa Ulaya anauliza, na mzabibu huishi miaka mingi, basi anayeharibu udongo amejiharibia mwenyewe.

Sasa tugeukie kwetu. Mti wetu ni mnazi. Hauhitaji mbolea ya dukani, wavumilia chumvi ya upepo wa bahari, na chini yake waweza kupanda mihogo na kunde au kufunga mbuzi. Makumbi ukiyarundika shinani yanashika maji wakati wa kiangazi. Kifuu ni mkaa, makuti ni paa. Kilimo ambacho wenzetu wanakikagua na kukipigia muhuri, bibi zetu walikuwa nacho bila semina.

Lakini tembea leo kutoka Mtopanga hadi Junda, ukaendelea mpaka Mwakirunge. Minazi inaangushwa, ploti zinapimwa, na vigogo vinaachwa vioze. Hapo ndipo chonga hutaga. Kigogo kilichooza ndicho kitanda cha funza wake, na akishakuwa mdudu kamili huruka kwa jirani akatoboa kilele cha mnazi ulio hai. Kwa hivyo aliyekata mitatu na kuiacha chini anaua na ya mwenziwe. Dawa yake haitaki pesa: pasua kigogo, choma au fukia.

Wapo wanaofurahi minazi ikianguka kwa sababu ya mangwe. Wallahi naielewa hasira yao, vijana wetu wamepotelea humo. Lakini mti hauna dhambi. Mgema hupanda asubuhi na jioni na kotama yake, akachonga karara, na karara iliyogemwa haizai nazi. Mwenye shamba hukubali kwa sababu tembo ni pesa ya kila siku, ilhali nazi hutaka karibu mwaka mzima kutoka ua hadi kukomaa. Maji yale yakitoka mtini ni matamu na hayalevyi. Muda wa saa chache ndio unaoyageuza. Indonesia na Ufilipino huyachemsha mapema wakapata sukari. Sri Lanka hutia chokaa ndani ya chombo yasichache. Wazee wetu wenyewe walikuwa na asali ya tembo; siku hizi ukiitaja, kijana anadhani unazungumzia nyuki. Na siki je? Katika madhehebu yetu ya Shafi, tembo likigeuka siki lenyewe bila kutiwa kitu, ni halali. Kwa nini basi mgema awe na mnunuzi mmoja tu, naye ni mwenye mangwe?

Serikali iliwahi kuunda mamlaka ya nazi mwaka 2007. Sheria za 2013 zikaikunja ndani ya mamlaka moja kubwa ya kilimo na chakula, nazi ikawa idara miongoni mwa idara. Sidhani hiyo ndiyo iliyoua mnazi wa Kisauni, ingawa haikusaidia.

Kinachouua ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani walete madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya mkoloni. Mpaka leo wengi wetu tunaishi nyumba bila ardhi. Zamani mila ilimruhusu mtu kumiliki mnazi juu ya ardhi ya mwingine, na akikiondoka alifidiwa mti wake. Broka wa leo hahesabu minazi, anahesabu futi. Mkulima wa Cape anafuga mabata kwa sababu ana hakika shamba litakuwa lake mwaka ujao. Mnazi mrefu wa kwetu huanza kuzaa mwaka wa sita au wa saba. Mpangaji anayeweza kufukuzwa Idi ijayo ataupanda vipi?

Kaunti ikigawa miche, na mara nyingine miche hugawiwa, ipeleke pamoja na karatasi inayomtambua aliyepanda kuwa mwenye mti, ili ploti ikiuzwa alipwe. Ombi hilo tulipeleke kwa wawakilishi wetu wa wadi sasa, kabla shamba la mwisho la Mwakirunge halijapigwa vigingi.